Mtu wa Kusimama Nyuma ya Gari

Kwetu Kemijärvi, kaskazini mwa Ufini, wasiojuana hawazungumzi kwenye basi. Kwa hiyo nilitega sikio mzee Urho alipomlalamikia mama aliyekaa naye kwamba gari lake limekataliwa kwenye ukaguzi, kisa taa za breki.

"Za ndani nilizikagua, za mbele nilizikagua. Za breki ningezionaje, na mguu uko kwenye pedali?"

"Si umwombe jirani, mzee wangu!"

"Nimgongee mtu mlango kwa ajili ya taa?"

Jirani mwenyewe ni mimi, nimekaa kiti cha mwisho.

"Basi weka tofali kwenye pedali, uzunguke ukatazame mwenyewe," mama akamwambia.

"Miaka arobaini marehemu mke wangu alisimama nyuma, akaninyooshea mkono kwamba zinawaka. Tofali lina mkono?"

"Kwa hiyo utapanda basi mpaka ufe? Ubishi gani huo!"

Basi likasimama dukani, Urho akashuka. Kupitia kioo cha nyuma nikamwona amesimama thelujini, koti limegeuka jekundu kwa taa za breki za basi. Akazitazama zote mbili, kisha akamnyooshea dereva mkono.

Dereva hakumwona. Nilimwona mimi, na mkono wangu ulibaki mfukoni.