Mke Niliyemzua

Assalaam alaykum ndugu zangu. Sifa zote ni za Mola, aliyenifungua ulimi baada ya miaka ya kusema uongo. Nakuelezeni mwenyewe, msije mkayasikia kwa watu yametiwa chumvi.

Mnamjua Nassor, mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea mimi hapa Ibra, Omani, mpaka mama yake alipomchukua kwenda Uswidi. Huko alianza kazi ya kuwaogesha wazee kwenye nyumba yao ya kutunziwa. Akamkuta bibi mmoja wa Kiunguja, uzee umemsahaulisha lugha ya kule, kabaki na Kiswahili tu, na hakuna wa kumjibu ila yeye. Hilo lilimchoma. Akaingia baraza la mji, kisha akagombea ubunge, ili kila mzee atunzwe na mtu anayesikilizana naye lugha. Wenziwe wa chama wakamwambia afiche kuwa anaishi na mwanamme mwenziwe. Akakataa, akalisema mbele za watu, na kura wakampa. Mashaallah, nilipomwona kwenye simu kasimama bungeni, nililia kwa furaha.

Lakini ndugu zangu, mimi niliona haya. Majirani walipouliza, nikasema Nassor ana mke, anaitwa Anna. Anna akapata kazi ya ualimu, akapata na mafua kila baridi ikiingia. Jirani yangu Bi Zuwena akampenda bila ya kumwona, akakaa kiangazi kizima anamtarizia suruali ya Kiomani, ile ya kike ya kuvaa chini ya kanzu.

Mwaka huu Nassor akaja. Nilimpokea uwanja wa ndege Maskati, na njiani nikamwomba, "Sema tu Anna kabaki na kazi."

Tukafika Bidbid, tukakata njia ya Ibra. "Shangazi, sitakuumbua," akasema. "Lakini hilo sitalisema. Wale watu wamenichagua hivi hivi nilivyo."

Kufika nyumbani, wanawake wamejaa. Nikammiminia Bi Zuwena kahawa, naye akakiweka kikombe chini bila ya kunywa. Kwetu hapa mgeni akifanya hivyo ana haja, na lazima ajibiwe kwanza.

"Nassor mwanangu," akasema, "sinywi mpaka uniambie mkeo anakuja lini."

Nassor akainama. Ndugu zangu, mtu anayesema mbele ya bunge zima alikaa bubu ndani ya nyumba aliyolelewa, ili anisitiri mimi. Wallahi roho iliniuma.

Nikasema, "Hana mke. Anna nimemzua mimi. Nassor anaishi na mwanamme mwenziwe, na hakumficha mtu. Aliyeficha ni mimi."

Mmoja akachukua buibui lake akaenda zake, na mpaka leo haniitikii salamu. Bi Zuwena alinitazama weee. "Kiangazi kizima, ewe," akasema. Kisha akakiinua kikombe, kahawa imeshapoa, akainywa, akamwambia Nassor suruali ile ampelekee mama yake.

Alhamdulillahi, kifua changu kimekuwa chepesi. Nassor akipiga simu sasa namuuliza habari zake zote, na yule mwenziwe namsalimia kwa jina. Ndugu zangu, mtegemeeni Mola, hamtupi anayesema kweli. Na mwenye Anna wake ndani ya nyumba, amtoe.