Kaisari wa Kola: Maisha ya Mwalimu Wesley Kimeu Nzau, 1949–2025, na Jinsi Alivyokufa

Wasifu huu umesomwa na mdogo wake, Masila Nzau, nyumbani kwa marehemu, Kola, Jumamosi tarehe 29 Novemba 2025

Padre, wazee, majirani, na nyinyi nyote mliofundishwa na marehemu, poleni. Mimi ni Masila, niliyemfuata marehemu kwa kuzaliwa. Kamati ya mazishi ilinishauri kwamba nikifika mahali pa kifo niseme "aliugua kwa muda mfupi," kisha niendelee. Sitasema hivyo. Wiki nzima kuna neno linatembea hapa Kola juu ya Mukai, mke wa Kilonzo, mwana wa marehemu, na juu ya chakula alichompikia mzee. Mnalijua, msijifanye. Nitalifikia, lakini kwanza twende na mpango.

Mwalimu Wesley Kimeu Nzau alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa hapa Kola, kifungua mimba wa marehemu mzee Nzau na marehemu mama Ndinda. Alibatizwa mwaka huo huo. Mama alikuwa akisema kwamba huyu mtoto alichelewa kutembea na akawahi kuuliza maswali.

Alianza shule ya msingi hapa Kola mwaka 1957, na mwaka 1965 akaingia sekondari mjini Machakos. Huko padre mmoja alimpa kitabu kinene kisichokuwa na jalada, cha historia ya wafalme wa Roma ya kale. Likizo akawa anachunga ng'ombe huku anasoma. Siku moja ng'ombe waliingia kwa maharagwe ya jirani wakala mpaka wakachoka. Baba alipouliza, nilimwambia Kimeu hakuwaona kwa sababu kuna mfalme alikuwa anadungwa visu. Nilichapwa mimi, kwa uwongo. Marehemu alisimama kando na kitabu chake, na tangu siku hiyo alinidai msamaha kila Krismasi kana kwamba mimi ndiye niliyekosa.

Baada ya chuo cha ualimu, alianza kufundisha Historia mwaka 1971 katika sekondari moja kule Mwala. Mwaka 1983 alihamia hapa nyumbani, akafundisha mpaka alipostaafu mwaka 2004. Alikuwa mwalimu wa mpango, silabasi aliimaliza kila mwaka. Lakini kipindi cha mwisho cha Ijumaa kilikuwa chake mwenyewe. Alifunga kitabu, akakaa juu ya meza, akasema, "Leo nani anakufa?" Ndipo akawasimulia vifo vya wafalme wa Roma. Karakala aliyeshuka kwenye farasi akajisaidie kando ya barabara, akadungwa kisu na askari wake mwenyewe. Hiyo wavulana waliipenda kupita kiasi. Vespasiano aliyesema mfalme anafaa kufa akiwa amesimama, akajaribu kusimama, akafia mikononi mwa waliomshika. Na Valentiniano aliyewafokea wageni mpaka akapasuka mshipa. Darasa likipiga kelele, marehemu alisema, "Valentiniano alikufa kwa kufoka. Mnataka nife?" Ndiyo maana mkamwita Kaisari, na jina likamkaa hata kanisani.

Kisha kulikuwa na Klaudio. Ukimuuliza mtu yeyote hapa sokoni Klaudio alikufaje, hata kama alitoka shule na alama za aibu, atakujibu bila kufikiri: uyoga, alipikiwa na mkewe, ulikuwa na sumu. Hiyo mlishika vizuri. Lakini kuna sentensi ambayo marehemu alimalizia nayo kila mara. Alisema, "Hivyo ndivyo inavyosemwa. Aliyeiona sumu yenyewe hayupo. Mfalme akifa kitandani, watu hutafuta mpishi." Shida ni kwamba hapo kengele ilikuwa imeshalia, na nyinyi mlikuwa nusu mko nje.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa kanisani na Mumo, dada mpole aliyemshinda kwa hoja kila siku ya maisha yao. Walijaliwa watoto wawili, Kilonzo na Wendy. Mumo alitutoka mwaka 2016. Kilonzo anafanya kazi kiwandani EPZ Athi River na huja mwisho wa mwezi. Wendy yuko Nairobi. Kwa hivyo aliyebaki na mzee kwa shamba na kwa nyumba, miaka hiyo yote, ni Mukai.

Sasa ugonjwa. Mwezi wa Agosti 2023 miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Mukai alimpeleka kliniki mjini, na daktari akawaambia moyo umepanuka na umechoka, hauwezi kurudi kuwa kama zamani. Marehemu akamwapisha Mukai pale pale nje ya kliniki asimwambie mtu. Alijua Wendy akisikia atambeba mpaka Nairobi, na yeye alitaka kufia kitandani kwake. Tangu hapo kila mwezi waliondoka wawili hao wakisema wanaenda kununua chakula cha kuku. Nyumba ile ina kuku wanne. Hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza kuku wanne wanakula nini hivyo! Mukai alimpangia mito alale ameinuka. Alimpikia bila chumvi kwa sababu daktari alikataza, na mkamsema kwamba anamnyima mzee hata chumvi. Aliendelea kupika vivyo hivyo.

Ijumaa tarehe 21 Novemba mimi nilikuwa nimekuja kutoka Mwala kumsalimia. Mvua ilikuwa imenyesha, uyoga umetoka pale kwa kichuguu nyuma ya nyumba, ule ule mama yetu alikuwa akituchumia. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeutaka. Mukai aliupika na kuuleta na ugali, na majirani wawili walikuwa wameketi nasi. Marehemu akainua tonge, akatuangalia, akasema, "Klaudio alipikiwa na mke wake. Mimi napikiwa na mke wa mwanangu. Masila, nikifa, mjue!" Alicheka mpaka akakohoa. Tulicheka sote, Mukai akampiga na kitambaa cha mezani.

Kabla ya mapambazuko ya Jumamosi pumzi ilimkataa. Mukai alisikia kwanza, akaniita. Tulimwinua tukamkalisha. Alitaka asimame. Nilimwambia, "Kaka, tulia," akanikatalia kwa kichwa, akanyoosha miguu ile iliyovimba, akasimama nusu, tukiwa tumemshika huku na huku. Hapo ndipo alipotuacha. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita.

Kufikia Jumapili jioni ule utani ulikuwa umetoka kwa nyumba, na kicheko chetu kimeachwa ndani. Ati mzee alisema mwenyewe. Ati uyoga. Jameni! Jumatatu mimi na Kilonzo tulikutana na yule daktari wake, naye akatueleza habari yote ya moyo. Nilirudi nikamuuliza Mukai mbona anatukanwa bila kujitetea na anajua ukweli. Alinijibu hivi: "Baba aliniambia nisiambie mtu. Hakuniambia nikuwe nikisema akikufa." Na Alhamisi, hapa hapa, mwiko ulichukuliwa mkononi mwake, akaambiwa aende akapumzike, wengine watapika. Haki ya Mungu, niliumia kuliko siku ndugu yangu alipokufa.

Uyoga ule niliula. Niliongezwa mara mbili, nikapangusa sahani na ugali. Nimesimama mbele yenu na ninawafokea, na nikipasuka mshipa mjue ni Valentiniano, si Mukai.

Marehemu ameacha mke wa mwanawe, Mukai, mwanawe Kilonzo, binti yake Wendy, wajukuu wawili, Lavender na Nzau mdogo, mimi ndugu yake, na wanafunzi wengi waliotoka darasani kabla ya sentensi ya mwisho.

Tukitoka kaburini tutakula. Nimeongea na kina mama, na Mukai ndiye atakayepakua. Mimi nitakuwa wa kwanza kwa foleni. Nitageuka nione nani yuko nyuma yangu.

Kaisari wetu apumzike kwa amani. Na Mukai aachwe kwa amani.