Pizza ya Kwanza Haiuzwi

Tarehe 30 Juni mwaka huu Shangazi atavua aproni yake na kuitundika kwa mara ya mwisho kwenye msumari ulio kando ya tanuri. Atakuwa ameutumikia mkahawa wetu kwa miaka thelathini na mmoja, yote mbele ya moto uleule. Katika muda huo mameneja wamekuja na kuondoka, meza zimebadilishwa, na paka wa ua wa nyuma amezaa hadi tumepoteza hesabu ya vitukuu vyake. Tanuri na Shangazi wamebaki.

Wageni kazini huuliza ni shangazi wa nani. Hapo zamani alikuwa shangazi wa kweli wa mhudumu mmoja, kaka yake Shangazi ndiye baba wa kijana yule. Kijana akaacha kazi, akahamia mbali, jina likabaki hapa. Hata meneja wetu wa sasa, ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake wa kumfuata, humwita Shangazi, tena kwa adabu zote, hasa anapotaka pizza nje ya saa za kazi.

Mimi ni mtunza stoo. Nimempimia unga, jibini na nyanya kwa miaka mingi, na tumegombania mafuta ya zeituni mara nyingi zaidi ya ninavyopenda kukumbuka. Wenzangu wamenichagua niandike haya eti kwa sababu nina mwandiko mzuri. Jarida letu la wafanyakazi linachapwa kwa kompyuta, kwa hiyo nadhani sababu ni nyingine: stoo yangu ndiyo iliyo karibu zaidi na tanuri, na nimeona mengi.

Kwa wale wa ofisini ambao hawajawahi kufika jikoni asubuhi, inabidi nieleze kidogo. Tanuri la kuni halina kitufe. Kila siku lazima ulijaribu upya, na pizza ya kwanza ndiyo ya kujaribia. Mara nyingi upande mmoja huungua na upande wa pili hubaki mweupe. Kwingine huitupa. Shangazi alipokabidhiwa tanuri aliweka sheria yake: pizza ya kwanza haiuzwi, haitupwi, na hailiwi kwa kukaa. Kila aliye jikoni hupata kipande, hula akiwa amesimama, na pamoja na kipande hupewa historia ya pizza, atake asitake.

Shangazi hakuzaliwa akiijua pizza. Aliajiriwa kuoka mikate midogo ya asubuhi, na inasemekana siku ya kwanza alipoiona pizza aliuliza kwa ukali ni nani aliyemwaga mchuzi juu ya mkate. Baadaye alipoambiwa ajifunze kuipika, alimtuma binti yake, ambaye ni mkutubi, amletee kila kitabu kinachoitaja. Nusu ya anayotusimulia imetoka kwenye vitabu hivyo. Nusu nyingine siwezi kuitolea ushahidi.

Ni kwake tulikojifunza kwamba watu wa kale, Wamisri, Wagiriki na Warumi, walikuwa wakipaka na kutandaza vitu juu ya mkate bapa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuuita pizza. Neno lenyewe limeonekana katika hati ya Kilatini ya mwaka 997, kutoka mji wa Gaeta huko Italia, ambamo mpangaji anatakiwa kumpelekea askofu pizza kumi na mbili kila Krismasi na nyingine kumi na mbili kila Pasaka. Povu, mwosha vyombo wetu, ambaye mwenye nyumba wake hupenda kubisha hodi alfajiri, kila akisikia habari hiyo husema hapo ndipo angependa kupanga.

Nyanya zilikuja baadaye sana. Zilitoka Amerika, na kwa muda mrefu Wazungu wengi waliziogopa wakidhani ni sumu. Huko Napoli maskini hawakuwa na nafasi ya kuchagua sana. Walizipaka juu ya mkate wao, na kufikia karne ya kumi na nane pizza ilikuwa chakula cha mitaani cha vibarua, watu wasio na meza wala muda, waliokula wamesimama wakiwahi kazini. Ndiyo maana nasi tunasimama. Shangazi husema ni heshima kwa waliotutangulia. Sisi wenye magoti mabovu tumemwomba mara kadhaa aheshimu na walio hai.

Kisha kuna habari ya malkia. Inasimuliwa kwamba mwaka 1889 malkia wa Italia alizuru Napoli, akapikiwa pizza yenye nyekundu ya nyanya, nyeupe ya jibini na kijani ya majani ya rihani, rangi za bendera ya nchi yake, na hiyo ndiyo ikapewa jina lake, Margherita. Wanahistoria wanaitilia shaka hadithi hii. Shangazi haitilii shaka hata chembe, na ameongeza ya kwake, kwamba malkia aliila akiwa amesimama. Nilimwambia hakuna kitabu kinachosema hivyo. Binti yake mkutubi naye akamwambia. Alitujibu kwamba kama hakusimama, basi hakuionja vizuri.

Tukisimuliwa jinsi wahamiaji walivyoibeba hadi Marekani, na jinsi askari walioionja Italia wakati wa Vita Vikuu vya Pili walivyorudi kwao wakiitamani, tulikuwa tunajua mawaidha yamekaribia mwisho, kwa sababu kinachofuata ni nanasi. Pizza ya nanasi ilibuniwa mwaka 1962 huko Kanada, na mtu aliyezaliwa Ugiriki, ikapewa jina la Hawaii. Shangazi huipika mteja akiagiza, kwa sababu kazi ni kazi, lakini huniachia mimi niyatandaze hayo mananasi. Waswidi huweka ndizi na bizari, na hilo aligoma kabisa kuliamini mpaka binti yake alipomletea picha. Pizza imekwishafika hata anga za juu, ilikopelekwa mwaka 2001 kwenye kituo cha wanaanga. Na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa wapika pizza wa Napoli katika orodha ya turathi za binadamu. Siku aliyosikia hayo Shangazi alivaa aproni mpya, na Povu akamsalimu, "Shikamoo, Turathi." Aliitikia marahaba bila hata kutabasamu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Mwenyewe ameniruhusu niliandike, kwa sharti kwamba nisilie. Nimejitahidi.

Miaka minne iliyopita Shangazi aliugua mafua makali yaliyomlaza kitandani wiki nzima. Alirudi amekonda, maneno yakiwa palepale. Tulichogundua kwanza ni kwamba ameacha kuligeuzia tanuri mgongo. Kabla ya hapo alikuwa akikanda unga upande huu, huku akisimulia, halafu ghafla anageuka na koleo lake la mbao kuitoa pizza ikiwa imeiva sawasawa. Pua ndiyo iliyokuwa saa yake. Sasa akawa anasimama uso kwa uso na mdomo wa tanuri, macho mekundu kwa joto, akiichungulia pizza mpaka iive. Tukasema ni uzee. Kisha sosi ya nyanya ikaanza vituko, leo chumvi tele, kesho maji matupu, na wahudumu wakawa wanarudi na sahani zilizoliwa nusu.

Asubuhi moja taulo lililosahaulika karibu na tanuri likashika moto. Harufu ilifika hadi ndani ya stoo. Nilikimbia, Povu naye akakimbia na ndoo. Tulimkuta Shangazi amesimama karibu kabisa, taulo likifuka nyuma yake, akiendelea na habari za malkia. Povu alimwaga ndoo nzima juu ya taulo, juu ya unga na juu ya viatu vya Shangazi. Hakumkemea. Aliliokota lile taulo, akalisogeza puani, akavuta pumzi. Akavuta tena. Kisha akalitia kwenye pipa la taka, na sisi wote tukajifanya tuna kazi.

Mpishi asiyenusa wala kuonja huondolewa jikoni, hilo halihitaji kuambiwa. Meneja wetu ni mtu wa haki, asingemfukuza. Angemhamishia mlangoni awe anakaribisha wateja, amepewa sare na kiti. Mume wa Shangazi, ambaye ni fundi cherehani, aliniambia siku nilipompelekea suruali ya kupunguza kwamba mkewe analia jikoni nyumbani, anamwuliza kama chai ina sukari. Na kwamba kitu pekee anachokiogopa duniani sasa ni kile kiti cha mlangoni.

Kesho yake, baada ya kisa cha lile taulo, tulikula pizza ya kwanza kama kawaida. Povu, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kusema lolote kuhusu chakula zaidi ya kuomba kingine, alitafuna, akameza, akatangaza kwa sauti ya mnadi kwamba chumvi imezidi. Nilidhani koleo litamshukia kichwani. Shangazi aligeukia sufuria, akaongeza nyanya, akakoroga. Siku iliyofuata mkata nyama akasema kitunguu saumu hakisikiki. Kikaongezwa. Hatukukaa kikao wala hatukukonyezana. Kila asubuhi mmoja wetu alilalamika, na kila mchana sosi ilitoka sawa. Mimi kazi yangu ilikuwa pua. Nikisikia ukingo wa pizza unaanza kuungua, nilikuwa nasema kwa nguvu kwamba njaa inaniuma, naye huchukua koleo. Nimelalamika njaa kwa miaka minne, na ushahidi uko tumboni kwangu.

Meneja hakuyajua haya. Alichosikia kupitia dirisha ni wafanyakazi wazima wakimsimanga mama mtu mzima kila asubuhi kwa chakula cha bure. Akatuita sote kikaoni. Alizungumza juu ya heshima kwa muda mrefu, akasema asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kikubwa hatashukuru, na akatuamuru tumwombe radhi. Tungemweleza nini? Tulipanga foleni. Povu aliomba radhi kwa niaba ya ulimi wake. Shangazi alitupokea mmoja mmoja, uso wa hakimu, akatusamehe.

Siku mbili zilizofuata tulikula kimya, tukafuta midomo, tukasema tamu sana, Shangazi, asante. Sahani zikaanza kurudi. Asubuhi ya tatu aliiweka pizza ya kwanza mezani bila kuikata, akashika kiuno.

"Mbona kimya?" akasema. "Nyinyi si watu wa kimya. Nani kawaambia nataka sifa? Sifa hazina chumvi."

Akaikata, akampa Povu kipande cha kwanza. Povu alitafuna huku machozi yanamlengalenga, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni chachu kidogo. "Asante, mwanangu," akasema Shangazi. Alikuwa hajawahi kutushukuru, kwa sababu kushukuru kungekuwa kukiri. Hapo ndipo tulipojua kwamba alijua tulichokuwa tukifanya tangu siku ya kwanza.

Tulipogeuka, meneja alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa pale kwa muda gani. Aliingia, akachukua kipande, akakila amesimama na tai yake shingoni, akitafuna polepole huku akimtazama Shangazi, kisha Povu, kisha mimi. Mwishowe akasema, kwa upole sana, kwamba kwa maoni yake jibini limepungua. Kiti cha mlangoni hakikutajwa tena, na tangu siku hiyo meneja hajakosa pizza ya kwanza hata akiwa likizo.

Mtaniuliza kama harufu ilirudi. Haikurudi. Anasema mara mojamoja hupata kitu kama moshi wa mbali, kisha kinapotea. Pamoja na hayo, katika miaka hii minne amemfundisha mhudumu mmoja mpaka amekuwa fundi kamili wa tanuri, mwenye pua kali na, kwa bahati mbaya, mwenye kumbukumbu nzuri ya habari za malkia. Mkahawa umejaa kuliko zamani. Wateja hawajui kwamba waliila sosi iliyoonjwa na jiko zima.

Shangazi, asante kwa pizza zote, zilizoungua na zisizoungua. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi ambao hukuwahi kuupata, na wajukuu wenye masikio ya kukusikiliza. Jambo moja tu linatutia wasiwasi. Mumeo ni mpole mno. Tangu mfunge ndoa, mwenyewe umetuambia, hajawahi kusema neno baya juu ya chakula chako, na kwa umri huu hatajifunza.

Kwa hiyo mlango wa nyuma tutauacha wazi. Ukiona mboga ya nyumbani huielewi, ifunike, uje nayo asubuhi, uiweke hapo mezani kando ya pizza ya kwanza. Tutaionja tukiwa tumesimama, na tutakwambia kilichopungua.