Lori Saba Ndani ya Geti

Benchi letu linaangalia geti la kiwanda cha Amrit Singh cha chakula cha mifugo, hapa Industrial Area ya Nakuru, kwa hiyo hakuna gunia linalotoka bila sisi kulijadili. Mimi nashona viatu pembeni. Njoki anauza kahawa na mandazi. Hiram tunamwita Profesa kwa sababu alifundisha darasa la tatu miaka miwili na hajapona. Mwaura ni Setilaiti. Anatengeneza redio, na kwake kila kitu kinatoka angani. Jumatatu hiyo ya Septemba 2008 tulikuwa na mtu wa tano: Afande Kiprugut, mlinzi wa geti lenyewe, amevaa sare kamili na hana kazi.

Kiwanda kilikuwa kimeleta sistimu, programu moja ya kompyuta ya kushika kila kitu, tangu mahindi yakiingia mpaka lori likitoka. Meneja alisema sasa lori zitajiandika zenyewe. Ijumaa akachukua kitabu cha geti, ambacho Afande alikitia sahihi miaka kumi na tisa, akampa barua: afanye wiki moja zaidi, Jumamosi yake iwe mwisho. Na huyu ndiye mtu ambaye Januari, mji ukiwaka kwa ghasia za uchaguzi, alikaa kwenye hilo geti siku kumi na moja bila wa kumbadili. Iliniuma. Barua ilichungulia kwenye mfuko wa shati, nasi tukajifanya hatuioni.

Siku hiyo ndiyo sistimu ilikuwa imewashwa. Tangu saa moja asubuhi lori saba zilizojaa zilikuwa zimepanga foleni ndani ya geti, zikinguruma tu.

— Hiyo ni moshi ya volkeno ya Menengai, akasema Setilaiti. Imezuia signal.

— Si kompyuta iko hapo ofisini? Njoki akauliza.

— Hiyo ni kichwa tu. Akili yake iko juu.

Profesa akatikisa kichwa. Kwa maoni yake sistimu ilikuwa imepima mizigo, ikaona lori la tatu limelalia upande mmoja, ikasusa.

— Ndiyo maana wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

— Lakini hazijaenda, Profesa.

— Basi hazitajikwaa.

Setilaiti hakukubali kushindwa. Akasema kuna kampuni kubwa imeinunua ile sistimu usiku ikiwa bado kwa boksi, na sasa inafanya kazi ya mwenyewe mpya. Mimi nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba pengine imeona mvua ya milima ya Mau kabla ya sisi kuiona.

Afande akakohoa. Akasema hiyo kitu inamjua yeye kidogo. Mwezi wa sita kuna kijana wa kompyuta kutoka Nairobi alikaa naye getini siku mbili, akanakili kitabu chote, akamwambia achague neno la siri, akamwonyesha mahali pa kubonyeza na kidole.

— Afande, pole, lakini kidole kimoja hakivunji chawa, akasema Profesa, na tukarudi kwa mvua ya Mau.

Ndivyo tulivyo. Jibu lilikaa katikati yetu likinywa kahawa, na sisi tukalikata kauli.

— Ama sistimu inamlilia Afande, akasema Setilaiti hatimaye.

Tukacheka wote isipokuwa mwenyewe.

Hapo geti dogo likafunguka, akatoka msichana wa jeans, laptop wazi mkononi. Alikuwa Shruti, fundi wa kompyuta aliyefika jana yake. Yule kijana wa mwezi wa sita alikuwa amehamia Kampala.

— Samahani wazee. Hapa geti ni nani?

Sisi wenye jibu la kila kitu tukaangalia viatu, na vingine vilikuwa vya wateja wangu.

— Meneja anasema hakuna mtu kama huyo, akasema. Lakini lori zote saba zimeandikwa "inangoja geti". Aliyeitengeneza sistimu alifuata kitabu cha geti hatua kwa hatua, na ya mwisho ni sahihi ya geti. Hiyo siwezi kuruka.

Afande akaweka kikombe chini polepole.

— Ni mimi. Mpaka Jumamosi.

Shruti na Afande walipovuka barabara tukawafuata, hata Njoki. Amrit alikuwa amesimama pale, jasho chini ya kilemba, meneja kando yake.

— Kiprugut, patia meneja hiyo neno abonyeze.

— Kijana wenu alisema nisipatie mtu, boss. Akasema hata wewe.

Meneja akafungua mdomo. Amrit akamwinulia mkono.

— Amesema ukweli. Hata mimi niliambiwa hivyo. Kiprugut, bonyeza.

Hakubonyeza. Alizunguka lori la kwanza kama kawaida yake, akasoma namba, akahesabu magunia, akavuta kamba. Meneja akaangalia saa. Ndipo Afande akarudi kwa laptop, akatugeuzia mgongo, akaandika neno lake herufi moja moja, akashusha kidole kimoja.

Lori likatoka. Likafuata la pili, kisha la tatu lililolala upande, baada ya Afande kuamuru mzigo ufungwe upya. La saba lilipopita, madereva wote walikuwa wanapiga honi mpaka barabara kuu, na mimi nilikuwa nashangilia na kiatu cha mtu mkononi.

Afande akatoa ile barua.

— Na hii, boss?

Amrit aliichukua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwake.

— Jumatatu ijayo kuna lori nne za kwenda Ndabibi. Saa kumi na mbili asubuhi uwe hapa.

Tukarudi benchi, Afande akabaki getini. Profesa akainua kidole kimoja, akakitazama.

— Chawa saba, akasema.

Kikombe cha Afande kilikuwa kimepoa pale pale. Njoki akakimwaga, akakijaza kahawa ya mwisho iliyokuwa kwenye chupa. Huyu mama hajawahi kumpelekea mtu kahawa tangu tumjue. Mwenye kiu huja. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akavuka barabara.