Fundi Nusa na Uozo Chini ya Zulia

Wasikilizaji wapendwa, kama mko mezani, wekeni vijiko chini kwanza. Leo tunamkumbuka Fundi Nusa, fundi wa sakafu za mbao, aliyetutoka wiki iliyopita. Na Fundi Nusa hasimuliki bila kutaja uvundo.

Jina hilo alilipata kazini. Akifika kwako, salamu fupi, anapiga magoti, anang'oa ubao ulioharibika kwa patasi, kisha anakuwekea kipande puani. "Nusa kwanza," anasema. Mimi alininusisha. Ubao mweusi, laini kama mkate uliolowa, na chini yake mavi ya panya. Nilikimbilia dirishani. Akacheka: "Si umeishi nao miaka sita, mtangazaji? Leo ndiyo unauonea kinyaa?"

Yeye kinyaa chake kilianza zamani. Alipokuwa mgeni katika ufundi, bosi wake alimwamuru azibe ubao uliooza kwa unga wa mbao na gundi, apake vanishi juu. Akaziba. Sakafu ikang'aa, huku bomba likivuja chini kwa chini. Mwezi haukuisha, mama mwenye nyumba akatumbukiza mguu, akavunjika kifundo. Fundi akaenda kumjulia hali. Mama akamuuliza, "Mwanangu, ulijua?"

"Nilijua, mama."

Tangu siku hiyo hakufunika tena. Bomba kwanza. Pakauke. Ndipo ubao mpya, misumari, msasa na vanishi. Hakufunika tena, nasema.

Sasa sikilizeni aibu. Nilikwenda msibani kwake. Sebuleni, zulia jipya jekundu. Nikakanyaga, pakabonyea. Na ile harufu, jamani, naijua! Fundi alikuwa akitengeneza sakafu yake mwenyewe alipougua, akaacha shimo. Mdogo wake akaliwekea plaiwudi, juu yake zulia, wageni wasione. Nilichefuka. Msiba wa Fundi Nusa huu, na watu wanaziba uozo?

Mjane akatoka chumbani, akaliona zulia, akamgeukia mdogo wa marehemu.

"Shemeji, toa hilo zulia."

"Shemeji, watu watatusema."

"Waache waseme. Mume wangu hakuficha uozo wa mtu. Wake hautafichwa leo."

Akalikunja mwenyewe, na plaiwudi akaivuta pembeni. Tukalizunguka lile shimo, wengine leso puani, tukamwombea marehemu.

Kwa mjane, kwa watoto, na hata kwako shemeji wa zulia, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nawe unayenisikiliza, kwako umefunika nini? Usinijibu mimi. Inua, unuse.

Mimi jana niliinua mkeka wa mlangoni pa bafu. Ubao umelainika. Nikabandua kipande, nikanusa. Nikachukua simu kumpigia fundi. Iliita mara mbili ndipo nikakumbuka.