Leseni ya Kuwasha Sigara

"Leseni ya Mwaka ya Kumiliki na Kutumia Viberiti vya Petroli na Viwashio Vinginevyo." Hilo ndilo jina kamili la karatasi ambayo, mwaka ule wa 1966, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nayo pale kijiweni kwa kinyozi, mjini Setúbal, karibu na Lisbon. Leseni ilidaiwa mahali pa wazi, basi tukalisogeza benchi hadi chini ya paa la kinyozi. Kinyozi mwenyewe, Zeferino, tulimwita Bunge, maana alisema kutwa kucha na hakikubadilika kitu. Adelino alikuwa Gazeti: alitupasha habari, nasi tukajua nusu imekatwa, kama magazeti yote ya wakati ule. Mzee Belmiro naye alikuwa na jina lake la utani, lakini tuliacha kulitumia tangu Februari, mwanawe Celestino alipouawa vitani Msumbiji. Kijana alikuwa amemtumia kiberiti alichokiunda kwa ganda la risasi. Mzee hakukiweka chini.

— Chini ya vigae sheria hainyeshi, alisema Bunge akimimina kahawa ya shayiri. Washeni.

— Sheria gani? Mzee Belmiro akadakia. Daktari hawezi kumkataza mtu kuwasha sigara yake. Hajui habari hizo.

Daktari, wa shahada si wa sindano, ni yule waziri mkuu wetu kule Lisbon, aliyetutawala tangu sijaota ndevu.

— Hajui vipi, na saini ni yake? akauliza Gazeti.

— Analetewa makaratasi, anatia saini. Mtu anafuga kuku, anavaa viatu vya viraka! Huyo ni mwenzetu.

— Kweli, akasema Bunge. Mpanda ngazi hushuka. Ndiyo maana yeye anakaa chini na kuku wake. Na leseni yenyewe ni kwa faida yetu: viberiti vya petroli vikizagaa, wafanyakazi wa viwanda vya njiti watakula nini?

— Una ndugu kiwandani? akauliza Gazeti.

— Sina. Lakini nina uchungu.

— Nyie hamjui kitu, Gazeti akasogea, akashusha sauti. Daktari alishakufa zamani. Anayetawala ni mpishi wake.

— Toka hapa!

— Mbona nchi nzima tunakula supu ya kabichi?

Bunge alicheka hadi akamwaga kahawa. Mzee Belmiro hakucheka.

— Chekeni. Lakini kama mtu huyu si wetu, mwanangu amefia nini?



— Mzee wangu, akasema Gazeti taratibu, wenyeji wa kule nao hawakutuita.

— Nimekuuliza mwanangu.

Gazeti akamsogezea kikombe cha kahawa.

— Basi, akasema Mzee Belmiro. Mimi nitawaonyesha kwamba ni wetu.

Akainuka. Akatoka chini ya vigae, akaenda moja kwa moja hadi katikati ya uwanja, juani.

— Mzee, rudi! Bunge akapiga kelele. Mfuata nyuki hakosi asali!

Methali hiyo ya kinyume haikumrudisha. Akatoa ganda la risasi, akawasha sigara, akavuta moja ndefu, akatugeukia kama mtu aliyeshinda kesi. Hapo mtu mmoja mwenye kofia ya kijivu, ambaye hatukuwahi kumwona, akasogea kutoka upande wa kisima.

— Habari za mchana, mzee. Mimi ni mkaguzi wa serikali. Leseni ya kiberiti hicho iko wapi?



— Daktari anaijua leseni hii? akauliza Mzee Belmiro.

— Sheria ni yake, mzee. Lete kiberiti.

Mzee akakitazama kiberiti. Sigara ikajiunguza.

— Bwana, faini nalipa mimi! Bunge akaita.

— Thubutu! Mzee hakugeuka hata kumtazama. Ukilipa, umesema huyu ana haki ya kukidai.

Akafumba kiganja, akamnyooshea yule bwana ngumi yake ya uzee.

— Hiki kimelipiwa. Ukikitaka, chukua na mkono.

Yule bwana akaita polisi, wakamchukua. Alikaa kituoni siku mbili, faini hakulipa, na alirudi nyumbani bila kiberiti.