Kristian Hoza, Fundi wa Habu za Gia, na Jina la Rajabu

Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu zetu Waislamu mlioacha mashamba yenu, na nyote mliopanda Vuga kwa matope haya, mimi ni Evelina, dada yake, niliyembeba marehemu mgongoni kabla hajajua kutembea, ukoo umenituma nisome maisha yake, na kwa kuwa darasa langu liliishia la pili nitasoma taratibu, mwenye haraka atangulie makaburini.

Marehemu Kristian Hoza alizaliwa hapa Vuga tarehe 14 Aprili 1951, mtoto wa tano wa mzee Hezekia Hoza na mama Marta, akabatizwa Desemba ya mwaka huohuo, na tangu mdogo alikuwa mtoto wa kufungua vitu, alifungua taa ya chemli ya baba, akafungua kitasa cha stoo, kufunga ndiko kulikomshinda, na fimbo za ile taa tulikula wote wawili maana nilikutwa nimeshika kioo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akaacha darasa la nne mwaka 1963, si kwa kukosa akili, ila baba alisema ng'ombe hawajui kwamba leo ni siku ya shule, akachunga hadi mwaka 1968 aliposhuka Tanga, akapokelewa katika karakana moja ya baiskeli kule Ngamiani, akajifunza kazi kwa miaka minane, na huko ndiko alikojifunza habu za gia.

Kwa wasiojua, zile baiskeli za zamani za Kiingereza zina gia tatu zilizofichwa ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, kwa nje huoni kitu isipokuwa kicheni kidogo kinachoingia kwenye ekseli, ndani mna gia ndogo zinazoizunguka moja ya katikati, na mna vijino vinavyosukumwa na springi nyembamba kama unywele, vijino vikiinuka vinashika gurudumu na unakwenda, vikilala pedali inaporomoka bure na wewe unaporomoka nayo. Kule Tanga waliishindilia habu grisi ya magari, na kwa joto la Tanga grisi hailali, inalainika kama samli, kazi inakwenda, basi marehemu akaamini kwamba hivyo ndivyo dunia nzima inavyofanya.

Alirudi Lushoto mwaka 1976, akafungua kibanda karibu na soko, jirani na fundi Rajabu wa Irente, ambaye yuko hapa, amekaa kule nyuma karibu na mgomba, na tarehe 9 Septemba 1978 alifunga ndoa na Yusta, mjane wetu huyu, Mungu akawajalia watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja, wote mnawaona.

Hapa mwanawe Aron, ambaye ni mwalimu, alikuwa ameandika kwamba baba yake alikuwa fundi mwaminifu asiye na doa, maneno mazuri, yameandikwa kwa mwandiko mzuri, nikamwambia akayasome yeye mwenyewe huku akimtazama Rajabu, akanipa kalamu, nikayakata. Ninayosoma sasa marehemu alinituma niyasome, na uso wa ukoo huu leo hauna pa kujificha.

Julai ya mwaka 1987, Mbaraka wa Magamba, mchuuzi wa karoti, alileta baiskeli yake ya gia tatu ifanyiwe ukarabati, marehemu akaifungua habu, akaiosha, akaishindilia grisi, Rajabu akiwa anapita akamwambia, "Kristian, huku si Tanga, grisi ya huku inalala na baridi, tia mafuta mepesi," marehemu akamjibu kwamba mtu ambaye hajawahi kuiona bahari asimfundishe kuogelea, vibanda vyote vikacheka, hata Rajabu alicheka. Kesho yake alfajiri, katika ule ukungu wa kipupwe, Mbaraka akipanda mlima wa Magamba amesimama juu ya pedali, vijino vikalala, akaangukia karavati, goti likasagika, akatembea na fimbo mpaka alipofariki.

Baiskeli ilirudishwa kibandani, marehemu akaifungua akiwa peke yake, akakuta grisi imeganda kama nta ya mshumaa na vijino vimelala ndani yake, springi zote nzima, akajua. Akaiosha kwa mafuta ya taa, akafuta kijino kimoja kimoja, akatia mafuta mepesi ya cherehani, akaifunga, ikalia tiki tiki tiki kama saa, kisha akatoka nje akawaambia watu, "Mwulizeni Rajabu, yeye ndiye aliyeifungua kabla yangu, springi zimevunjwa zamani," na kwa kuwa ni kweli Rajabu aliwahi kuifungua mwaka uliotangulia, watu waliamini.

Rajabu alikana, nani alimsikiliza, wanawake wa sokoni wakawa wakimwona wanasema, "Baba, pita mbali, usije ukaitazama tu baiskeli yangu ikavunjika springi," na mwaka 1989 alifunga kibanda, akaenda kulima viazi. La kuumiza zaidi, Mbaraka alikuwa shemeji yake, kaka wa Salama, mkewe, na tangu siku ile Mbaraka hakuitikia salamu ya Rajabu, na alipozikwa mwaka 2011 Rajabu alisimama ng'ambo ya barabara, maana hakuna aliyesogea kumpa nafasi ya kushika jeneza.

Ndugu yetu naye akapata sifa, wakaja watu na habu zao kutoka Mlalo, Soni hadi Mombo, akawa anatandika kitambaa cheupe, anapanga vyuma kwa jinsi vilivyotoka ili virudi vivyo hivyo, anabadilisha gololi zilizolika, anarekebisha kile kicheni mpaka gia zishike bila kuruka, na grisi hakuigusa tena isipokuwa kidogo kwenye gololi, ndani mafuta mepesi tu, wanafunzi wake wakaiita njia ya Mzee Hoza. Haikuwa ya Mzee Hoza, kila tone alilotia lilikuwa neno la Rajabu, na aliyelisema alikuwa shambani anapalilia viazi akiitwa mvunja springi.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2022, akalazwa mara kadhaa, na Februari mwaka huu wa 2024, nikiwa namkanda miguu iliyovimba, akaniambia, "Dada, nina neno," akalisema, nikamwambia neno la miaka yote hiyo limeshaoza, akasema, "Lisome hivyo hivyo limeoza." Nikamwambia Irente si Ulaya, mwite Rajabu mwambie mwenyewe, akasema kesho, na kesho yake akasema kesho, aliniambia kila alipomwona Rajabu sokoni yeye alijificha nyuma ya magunia ya kabichi, mzee mzima mwenye wajukuu, na kesho zake zikamwishia Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa kumi na moja jioni, nyumbani kwake.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliobeba maji na kuni, mafundi wenzake mliochonga msalaba, na wanakwaya. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Salama, mke wa Rajabu, ambaye tangu juzi anasonga ugali jikoni kwetu bila kujua haya ninayoyasoma, sisi tunajua na tumeula.

Rajabu ndugu yangu, hukuvunja springi, wote mliopo mmesikia, na watoto wa Mbaraka mmesikia, anayemwita jina lile tena aje aniite mimi. Kwa desturi hapa ndipo ukoo unapomwambia marehemu neno la mwisho, ukoo wa Hoza leo hatulisemi, tumekubaliana asubuhi kwamba si letu kulisema kabla yako. Ukiona unaweza, sogea jenezani, watakupisha, useme Pumzika kwa amani, nasi tutaitikia, na ukiona huwezi, kaa hapo hapo ulipo, hakuna atakayekulaumu, tutamzika bila hilo neno.